Gari Nililoliacha Mtaa wa Pili

Nikimkumbuka, mkono wake wa kulia ndio unaonijia kwanza. Aliuinua usawa wa kifua, kiganja kikikuelekea, kama polisi wa barabarani anayesimamisha lori, huku uso wake bado unacheka. "Kabla hujaniambia," alikuwa akisema, "kumbuka kazi yangu." Kama ulikuwa umeanza habari ya binamu na visa yake, au ya shemeji aliyekutwa na sigara nyingi pale uwanja wa ndege, maneno yalikukaukia mdomoni. Wengi waliuchukia mkono ule. Na mimi niliuchukia kwa muda, lazima niseme.

Nyumba yake hapa Doonside, pembeni mwa Sydney, sasa ina bango la kuuzwa. Amehamia Canberra, kazi ile ile. Ameondoka bila kuaga, na nikijiuliza alipaswa kumuaga nani kati yetu, jibu silipati. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari kule Uvira, na sijui kama mtu huelezwa hivi kwenye karatasi. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sina, hakunipa. Nitaandika nilichokiona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, maana ndivyo yeye mwenyewe angetaka.

Alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu, katika ofisi yao ya mjini Sydney. Nchi hii ina sheria za jimbo na sheria za nchi nzima. Ukimpiga jirani, hiyo ni ya jimbo. Ukiingiza dawa za kulevya ndani ya kontena, ukidanganya kodi, ukitengeneza ndoa ya uongo ili mtu apate visa, hapo umegusa serikali kuu, na yeye alikuwa mmoja wa wanaosimama kortini kwa niaba yake. Sisi hatukutofautisha. Papa mmoja, yaani mzee wa kanisani, alimfuata na faini ya mwendo kasi. Aliisoma yote, mbele na nyuma, akamrudishia. "Hiyo ni ya jimbo, kaka. Hata mimi nimelipa yangu mwezi uliopita." Na ni kweli. Mama yule aliendesha gari vibaya sana, kona alizikata kana kwamba yeye ndiye anayetafutwa.

Yeye ni Mkenya, lakini sisi tuliotoka Kivu, kule Kongo, tulimwita Mama Procureur. Kwetu procureur, yaani mwendesha mashtaka, ni mtu mwenye askari nyuma yake, na ukimwendea huendi mikono mitupu. Sisemi wote kule wako hivyo, sikuwajua wote. Nasema tulivyozoea kuwaogopa. Jina lile tulimpa kwa heshima, na ndani ya heshima tulitia hofu, na ndani ya hofu tulitia tumaini kwamba siku moja atatufaa.

Jambo lake lingine lilikuwa saa. Mwaliko ukisema saa nane, saa nane yuko mlangoni na zawadi imefungwa. Harusi zetu mnazijua. Saa nane bwana harusi bado yuko kwa kinyozi. Mimi ndiye ninayepanga viti kanisani na kwenye sherehe, kwa hiyo mara nyingi nilimkuta peke yake katikati ya ukumbi, amevua viatu, anasoma.

"Dada, umewahi."

"Sijawahi. Nyinyi ndio mmechelewa."

Kisha anainuka kunisaidia na viti, miguu mitupu, anahesabu safu kwa sauti na kunikosoa zikipinda. Siku moja nilimwuliza kwa nini asijifunze kuchelewa kama watu. Akanyoosha kiti kilichopinda. "Kaka, mtu akiingia akakuta angalau mmoja ameketi, hajisikii mjinga. Basi mimi ndiye huyo mmoja."

Jumamosi alikwenda Auburn kununua nyama ya mbuzi. Gari lake likiwa gereji nilimpeleka mimi. Mbele ya mchinjaji alibadilika, akawa mwanamke wa sokoni kabisa. Alilalamika juu ya mifupa, akalalamika juu ya mafuta, akauliza kwa sauti kama kidole cha mchinjaji nacho kinauzwa, maana kilikuwa kinalala kwenye mizani. Watu wote dukani wakacheka, mchinjaji akiwa wa kwanza. Alipunguziwa. Halafu, tunatoka, alichopunguziwa akakitumbukiza chote kwenye kisanduku cha msaada wa msikiti pale kaunta.

"Sasa uligombana ya nini?" nikamwuliza kwenye gari.

"Nilitaka tu ajue kwamba nimeona."

Harusini alilia kuliko mama wa bibi harusi. Nyimbo aliziimba nje ya sauti, kwa nguvu, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mambo haya hayakuendana na kazi yake kwa macho yetu. Tulimtaka awe mkali wakati wote au mpole wakati wote, tujue pa kumweka.

Tena hakujua kuegemea upande. Amplifaya ya kanisa iliungua, na watu wakamshika mama mmoja wa jikoni kwamba alichomeka birika kubwa la chai kwenye waya ule ule. Mchungaji akamwomba Mama Procureur aseme neno, akidhani atamaliza jambo haraka. Akasimama, akaeleza kwanza sababu zote za kumshuku yule mama, vizuri kuliko tulivyozieleza sisi. Kisha akaanza kutaja sababu za kumwachilia. Kwamba amplifaya ilikuwa inanuka tangu Pasaka. Kwamba birika lilichomekwa baada ya ibada, na muziki ulikatika kabla. Yule mama mwenyewe hakuwa ameyafikiria hayo.

"Lakini wewe ni mwendesha mashtaka gani, unamtetea mshtakiwa?" Mchungaji akasema, watu wakacheka.

"Yule anayetaka kulala usingizi, Baba," akajibu. Akaketi.

Halafu likaja la Shemasi.

Shemasi wetu alikuwa mtu wa makaratasi ya visa. Ukiwa na ndugu kwenye kambi ya wakimbizi, Nyarugusu au Dzaleka, ulimwendea yeye. Aliwaleta watu. Meza nyingi za Krismasi hapa Doonside zina mtu ambaye bila Shemasi asingekuwepo. Pia alichukua hela, na baadhi ya ndoa alizoziandika hazikuwa ndoa. Yote mawili ni kweli na sijui yapimwe vipi. Polisi wa serikali kuu walipomchukua, kanisa lote lilikuwa kama nyumba iliyofiwa.

Kwetu, mtu wenu akishikwa, hamkai tu. Mnakwenda kumwona mkubwa. Mnabeba chakula, mnaketi, mnakula naye, hamtaji jambo mpaka sahani zimetolewa, ndipo mzee mmoja anaongea. Hatuiiti rushwa. Mpaka leo sidhani kati ya wale waliokwenda yupo aliyeiita hivyo moyoni mwake. Tulikwenda na Mchungaji na wazee wanne, na mimi nikachukuliwa kwa sababu nina mikono yenye nguvu. Nilibeba sufuria ya sombe, kisamvu chetu.

Alikuja mlangoni lakini mlango wa wavu hakuufungua. Alitutazama mmoja mmoja kupitia ule wavu, kisha akaitazama sufuria.

"Binti yangu," Mchungaji akasema, "tumekuja tu kukusalimu."

"Baba, na sufuria?"

Mkono ukainuka. Safari hii hakuwa anacheka.

"Baba zangu, mkitamka habari ya mtu huyo, kesho asubuhi nitalazimika kuandika mlichosema, na majina yenu. Mpaka sasa hamjasema kitu. Nendeni hivyo hivyo, mkiwa hamjasema kitu. Nawaomba." Hilo neno la mwisho alilisema chini, nililisikia mimi niliyekuwa karibu.

Tukarudi garini, sufuria bado inanichoma kifua. "Ametufukuza kama mbwa," Mchungaji akasema. Wazee wakasema ndiyo, kama mbwa. Mimi nilifikiri kwamba mtu anayetaka kukudhuru angekufungulia mlango, akuache useme. Nilifikiri hivyo, nikanyamaza. Sombe tuliila kanisani.

Siku ya hukumu ya Shemasi tuliyajaza mabenchi ya korti. Aliyesimama upande wa serikali alikuwa mzee mmoja Mzungu mwenye kikohozi, hatukuwahi kumwona. Mama Procureur hakuwepo, wala hakutajwa. Shemasi akapewa kifungo. Tulipotoka nje, watu walikuwa tayari na maneno: amejificha, ametuma mwenzake, amemuuza mtu wetu ili apandishwe cheo.

"Labda hakuigusa kesi hii kabisa," nikasema.

"Wewe umesomea sheria lini?" mzee mmoja akanijibu. "Kule ghalani unakofanya kazi, juu ya mashine ya kuinua mizigo?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Ndivyo ilivyoisha hoja yangu.

Hakuna aliyetangaza kwamba tumemtenga. Mialiko tu ndiyo iliyoacha kumfikia. Kanisani aliendelea kuja saa ile ile, nikamkuta kwenye viti vyangu, lakini safu yake haikujaa tena. Watu walikaa nyuma yake na mbele yake. Hakuuliza. Angeweza kueleza, wengine watasema. Sidhani kama kazi yake ilimruhusu, na hata kama ilimruhusu, kujitetea kwa jambo ambalo hujalifanya ni kazi ngumu mbele ya watu ambao hawajakuuliza. Baadaye naye akaacha kuja.

Mama yake alipofariki Kenya, tangazo liliwekwa kwenye kundi letu la simu: matanga nyumbani kwake, Jumamosi saa tisa alasiri, kabla hajasafiri kwenda kuzika. Mtu mmoja akaweka picha ya mikono inayoomba. Kisha kimya. Watu wetu hawakosi kilio cha mtu. Hata wanaodaiana, hata waliotukanana, kwenye kilio wanakaa. Mke wangu alikuwa zamu kule anakotunza wazee. Nikaenda peke yangu.

Nilikwenda, lakini gari nililiacha mtaa wa pili, nyuma ya duka la samaki na chipsi, ili mtu wa kanisa akipita asilione mbele ya geti lake.

Alikuwa ameazima viti vya plastiki, akavipanga gereji safu kwa safu, vimenyooka. Walioketi ni Wazungu wawili wa ofisini kwake, wameshika keki magotini hawajui waziweke wapi, na jirani mmoja Mhindi. Viti vingine vyote vilikuwa wazi. Aliponiona akasimama.

"Umewahi, kaka," akasema.

Sikujua kama ananitania. Mpaka leo sijui.

Aliniomba niombe kwa Kiswahili, kwa sababu mama yake asingeelewa kingine. Niliomba. Nikaanzisha wimbo, naye akaimba nje ya sauti kama kawaida, na wale Wazungu wakainamisha vichwa. Akanieleza kidogo juu ya mama yake, kwamba alikuwa hawezi kulala kama kuna mtu hajala. Wakati anaeleza alikuwa akiutazama mlango wa gereji kila gari lilipopita.

Nilipoinuka kuondoka, alichukua shuka lake ajifunike mabega, anisindikize. Kwetu na kwao mgeni hasindikizwi kwa macho. Unatembea naye mpaka barabarani, mpaka kwenye gari lake.

"Ishia hapa, dada," nikasema. "Nimekuja kwa miguu."

Nyumba yangu iko ng'ambo ya reli, na yeye anaijua. Funguo za gari zilikuwa mkononi mwangu. Alizitazama, akanitazama usoni.

"Haya, kaka. Tembea salama."

Alibaki pale getini. Kwa kuwa alikuwa ananiangalia, nilishindwa kuelekea lilipo gari. Nikashika njia ya reli, nikazunguka, mtu mzima, mpaka nikatokea nyuma ya duka la samaki.

Mwaka huu niliitwa kwenye juri, maana nimepata uraia. Hao ndio watu kumi na wawili wa kawaida wanaosikiliza kesi na kuamua. Walituingiza kundi kubwa kwenye chumba cha korti mjini. Na aliyesimama upande wa serikali kuu, ndani ya joho jeusi na ile wigi yao ya manyoya, alikuwa yeye. Nilimtambua kwa sauti. Alieleza kesi inahusu nini, akasoma majina ya mashahidi polepole. Alipoinua uso, macho yake yalinipita kama yanavyoupita ukuta.

Jaji akasema anayemfahamu mtu yeyote kati ya waliotajwa au waliosimama mbele ajitokeze, kwa sababu kesi lazima isikilizwe na watu wasiofungamana na upande wowote. Hapo nikaelewa la Shemasi. Kama mimi, mpanga viti, natakiwa kutoka kwa kuwa namjua mtu, yeye aliyeketi na Shemasi kanisa moja miaka yote ile angewezaje kuishika kesi yake? Atakuwa alijitoa siku ya kwanza. Hakika sina, lakini sioni njia nyingine.

Ningeweza kukaa kimya. Tulikuwa tumeshakuwa na mazoezi ya kutomjua. Nikasimama.

"Unamfahamu nani?" jaji akauliza.

"Huyu mama." Nikamwonyesha.

"Kwa njia gani?"

Nilitafuta neno. Rafiki sikustahili kulisema. Jirani lilikuwa dogo. "Nilikaa kwenye matanga ya mama yake," nikasema kwa Kiingereza changu. Nilitaka kuongeza kwamba gari nililiacha mtaa wa pili, lakini jaji hakuuliza. Akanishukuru, akaniruhusu niende. Mama Procureur alikuwa ameinamia karatasi zake. Nilipompita niliona karatasi ile ile haijageuzwa.

Jumapili, baada ya ibada, Mchungaji akanishika bega mbele ya watu. "Vipi, bwana jaji! Umefunga wangapi?"

"Walinirudisha."

"Walikurudisha kwa nini?"

Watu walikuwa wananitazama wakisubiri kicheko. "Kiingereza changu," nikasema. Kicheko wakakipata. Mchungaji alicheka mpaka akajifuta macho.

Mke wangu ukweli nilikuwa nimemwambia. Tukaingia garini, tukafika kwenye taa za barabarani.

"Kwa hiyo jaji anajua kwamba unamjua," akasema, "ila sisi ndio hatujui."

Nikageuza gari. Barabara ya nyumba ya Mama Procureur ndiyo inayokwenda stesheni, na magari ya kanisa yote hupita pale. "Egesha mbele ya geti," mke wangu akasema, kana kwamba nilikuwa na wazo jingine. Nikaegesha.

Alikuja kwenye mlango wa wavu. Mkono ukainuka hata kabla sijasalimu.

"Dada, sina kesi. Nimekuja kuomba radhi."

"Kesi bado inaendelea, kaka. Na wewe ulikuwa kwenye kile chumba. Siwezi kukukaribisha."

"Hata chai?"

"Hata maji."

Kisha akachungulia juu ya bega langu, akaliona gari, na mke wangu ndani. Akalitazama kwa muda.

"Leo hukuja kwa miguu."

"Leo sikuja kwa miguu."

"Siku ile niliona."

"Najua, dada."

Akafungua ule wavu, akatoka na kandambili, akaurudishia mlango nyuma yake nisije nikadhani nimealikwa. Kutoka pale mpaka gari si mbali. Alitembea nami polepole, mikono nyuma, haongei, na mimi siongei, kwa kuwa kesi bado. Magari ya kanisa yalikuwa yanapita. La Mchungaji likapunguza mwendo. Yeye akalipungia ule mkono wake wa kulia, akicheka. Mimi, hata hapo, niliangalia chini.

Alisubiri nikapanda, akainama dirishani akaongea na mke wangu. "Kesi ikiisha, mje mle. Nikisema saa nane, ni saa nane."

Kesi iliisha. Nilisikia, nikasema tutakwenda wiki hii. Wiki ikapita na zamu, nikasema ijayo. Tulikuwa na nia, sitaki kumsingizia mke wangu wala mimi mwenyewe. Nilipokwenda nilikuta bango limesimikwa kwenye majani na madirisha hayana mapazia.

Ilikuwa saa nane kamili, mchana. Sikugeuza gari. Niliegesha pale pale mbele ya geti, nikazima injini, nikakaa ndani, ili kama kuna mwingine wa kwetu anakuja, akute angalau mmoja ameketi.